Kutoka Toi Hadi Majuu: Mwongozo wa Kuuzia Kastoma wa Ng'ambo Mtumba na Vitu za Kitambo

Wasee wengi wa Soweto East washaskia hii story: kuna msee alinunua jezi ya kitambo Toi kwa soo nne, akaipiga picha, mtu wa majuu akailipia karibu ngiri sita. Story kama hizo si uongo, zinafanyika. Shida ni kwamba zinaruka hesabu ya katikati: posta imekula ngapi, mtandao umekata ngapi, na kinafanyika nini mzigo ukirudi. Hapo katikati ndipo wengi wamezikia chapaa ya rent.

Hii biz haiombi stoo wala duka. Inaomba vitu tatu: jicho, mizani na ukweli. Tupitie moja baada ya nyingine.

Hii biz ni gani haswa

Ni kununua kitu kilichotumika hapa Nairobi kwa bei ya mtaa, halafu kukiuza mtandaoni kwa mtu aliye Marekani, Uingereza, Ujerumani, Japan au kwingine. Huko majuu watu hufanya hivyo wikendi: jirani anatoa vitu vya zamani kwa uwanja wa nyumba yake, msee anapita, anaokota sahani ama koti, jioni iko eBay. Sisi hatuna hizo uwanja. Tuko na Toi, Gikomba, soko la Kawangware, na wageni wanaohama Lavington na Kilimani.

Ukifikiria vizuri, nguo nyingi za Toi zilitoka majuu kwanza. Mtu alizitoa huko kwa sadaka, zikachaguliwa, zikafungwa bale, zikapita bandari ya Mombasa, zikafunguliwa Gikomba. Mwaka wa 2019 pekee Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mtumba. Kwa hivyo ukimuuzia mtu wa London koti, kuna uwezekano unalirudisha nyumbani.

Hiyo idea ya kurudisha imefanywa biz kubwa Kampala. Designer Bobby Kolade, kupitia brand yake Buzigahill, alizindua mwaka wa 2022 mradi unaoitwa Return to Sender. Wananunua mtumba, wanaukata na kuushona upya, halafu wanauza kwa watu wa nchi zilezile uliotoka. Hawauzi nguo vile waliipata. Wameongeza kitu ambacho mnunuzi hawezi kupata kwake. Kumbuka hiyo point, juu tutairudia.

Swali ngumu: kwa nini anunue kwako?

Kabla utoe hata mbao mfukoni, jiulize hivi. T-shati ya kawaida iliyotoka Ohio inashindana na msee aliye Ohio, mwenye t-shati kama hiyo, ambaye mzigo wake unafika kwa siku mbili au tatu. Wako utachukua wiki kadhaa na stempu yake ni ghali. Kwa hiyo vita utapoteza, hata kama ulinunua na finje.

Unashinda kwa njia mbili tu.

Ya kwanza: kitu ni adimu hata huko kwao. Jezi za mpira za miaka ya 1990, koti la kampuni iliyofungwa, t-shati ya tour ya bendi ya zamani. Hapa mnunuzi hajali mzigo uko nchi gani, anajali umepatikana.

Ya pili, na ndiyo tamu zaidi: kitu kilizaliwa hapa East Africa na huko hakuna. Rekodi za santuri za benga na rumba zilizotengenezewa Nairobi. Khanga za kitambo za Mombasa, kama zile za Mali ya Abdulla. Ratiba, begi na postikadi za East African Airways, ndege iliyoanza 1946 ikakufa 1977. Programu na stika za Safari Rally za enzi zile. Nakala za gazeti la Joe lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka wa 1973. Hivi vitu ni vyepesi, vinaingia kwa bahasha, na msee wa Ohio hawezi kuviokota kwa jirani yake.

Wengi wetu tunakimbilia raba za Nike na kuruka sanduku la makaratasi ya marehemu babu. Mara nyingi chapaa iko kwa sanduku.

Mali inatoka wapi

*Toi.* Kutoka Soweto East unatembea ukipitia ndani ya Kibera hadi Makina, umefika. Enda asubuhi bale zikifunguliwa. Lugha ya soko uijue: "camera" ni chaguo la kwanza, vitu vikali ambavyo havijaguswa, "fagia" ni mabaki ya mwisho yanayouzwa kwa bei ya kutupa. Kuna watu kazi yao ni kuokota camera na kupelekea maduka ya tao. Usishindane nao kwa vitu wanavyovijua. Wao wanatafuta nguo ya kuvaliwa Nairobi leo. Wewe unatafuta lebo ya 1985 ambayo hapa mtaani hakuna anayeijali.

Pia jua Toi imechomeka zaidi ya mara moja, na moto wa Juni 2024 uliacha wengi bila kitu. Gikomba nayo, moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Kwa hivyo mali ukishalipia, beba siku hiyo hiyo. Usiache kwa kibanda ya mtu.

*Gikomba.* Bei iko chini kama unanunua nyingi, lakini kwa hii biz huhitaji bale. Bale ya kilo 45 ni kamari: inaweza kuwa na vitu viwili vya kuuza majuu, au sufuri. Nunua kimoja kimoja.

*Wageni wanaohama.* Lavington imepakana na Kawangware, Kilimani na Woodley ziko hapo tu na Kibera. Watu wa mashirika na balozi hufanya kazi miaka mitatu, minne, halafu wanahamishwa. Wanauza kila kitu: kamera za filamu, vitabu, rekodi, vyombo. Mtu wa kwanza kujua kwamba nyumba fulani inahama si jirani, ni soja wa geti na dada wa kazi, na wengi wao hulala Kawangware na Kibera. Huo ni mtandao ambao hakuna mtoto wa Karen anao. Ukipewa dili na soja, mpe kitu kidogo. Next time atakupigia wewe kwanza.

Lakini hapa chunga. Kila kitu unachonunua kwa nyumba ya mtu, pata ujumbe wa WhatsApp au kikaratasi cha mwenyewe kinachosema amekuuzia. Kupatikana na mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Penal Code, na kusema "niliuziwa na soja" hakutakuokoa.

*Kenyatta Market.* Ukivuka Mbagathi Way kutoka upande wa Soweto East, uko hapo. Watu huenda kusukwa na kukula nyama, lakini kibanda namba 570 ni cha Jimmy Rugami, anayejulikana kama Real Vinyl Guru. Ameuza na kukusanya santuri kwa miaka mingi hadi waandishi na wapenzi wa muziki kutoka nje humtafuta hapo. Hiyo ni proof kwamba mnunuzi wa majuu anaweza kufika hadi Kenyatta Market akitafuta muziki wetu. Enda uangalie tu vile rekodi zinavyoshikwa, zinavyosafishwa na kupangwa. Ni shule.

Jicho: kutambua cha kweli na cha kitambo

Hizi ndizo alama za kuanzia. Zote unaziona bila mashine.

Levi's: angalia kile kitambaa chekundu kidogo kwa mfuko wa nyuma. Kama neno limeandikwa LEVI'S na E kubwa, suruali nyingi za hivyo ni za kabla ya 1971. Baadaye ikawa LeVI'S na e ndogo. Lakini kampuni hutoa nakala mpya za mtindo wa zamani, kwa hivyo E kubwa pekee haitoshi. Angalia lebo ya ndani pia.

T-shati: pindua mkono na chini uangalie mshono. Uzi mmoja ni dalili ya miaka ya 1990 katikati kurudi nyuma. Nyuzi mbili zinazoenda sambamba mara nyingi ni za baadaye.

Jezi za mpira: ndani kuna kalebo kadogo kenye kodi ya bidhaa. Andika hiyo kodi kwa simu, utafute. Ikileta picha ya jezi nyingine, au rangi nyingine, hiyo ni feki. Jezi za kitambo sana hazina hiyo kodi, kwa hivyo linganisha lebo ya shingo na picha za wakusanyaji.

Rekodi: inamisha santuri chini ya mwanga. Mikwaruzo inayoshika ukucha itaskika. Mikwaruzo inayoonekana tu mara nyingi haiskiki. Discogs ni mtandao wenye orodha ya mamilioni ya rekodi na bei ambazo zimewahi kuuzwa. Linganisha namba iliyochorwa kwa santuri yenyewe karibu na lebo, si jina pekee, juu wimbo mmoja unaweza kuwa umetolewa mara nyingi.

Na hii usisahau: bei ambayo mtu ameandika si bei. Bei ni ile kitu *kimeuzwa*. eBay ina kichujio cha vitu vilivyouzwa, tumia hicho. Mtu anaweza kuandika koti yake dola 500 na ikae miaka mitatu.

Hesabu kabla ya kununua

Hapa ndipo wasee hukosea. Chukua mfano huu. Badilisha namba na za siku yako.

Tuseme dola ni shilingi 129. Umeuza jezi kwa dola 45, stempu ikiwa ndani ya bei. Hiyo ni 5,805.

Mtandao umekata asilimia 13: 755. Zimebaki 5,050.
Kubadilisha dola kuwa shilingi kumekula asilimia 4: 202. Zimebaki 4,848.
Posta: tuseme 2,600. Zimebaki 2,248.
Jezi yenyewe 400, sabuni, bahasha na nauli 350. Zimebaki 1,498.

Hiyo ndiyo faida yako. Ngiri moja na nusu, si ngiri sita. Bado ni poa kwa jezi ya soo nne. Lakini sasa angalia upande wa pili.

Tuseme ulisahau kuandika kwamba jezi ina doa kwa kwapa. Kastoma analalamika, anarudishiwa pesa zote, na jezi haikurudi. Umepoteza posta 2,600, jezi 400 na gharama ndogo 350. Jumla 3,350. Faida ya jezi mbili nzuri ni 2,996. Kwa hivyo doa moja ulilonyamazia limemeza jezi mbili na bado uko chini.

Hii ndiyo sababu kwa hii biz ukweli si mambo ya dini tu, ni hesabu.

Somo la pili la hii hesabu ni uzito. Koti la ngozi la kilo moja na nusu linaweza kuwa zuri vipi, posta yake inaweza kupita bei ya kuuza. Santuri ndogo ya inchi 7 ina takriban gramu 40. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Ni kifaa cha muhimu kushinda simu kali. Kitu kikizidi kilo 2 pamoja na boksi, kinatoka kwa kundi la vifurushi vidogo vya posta na bei inapaa.

Picha na maelezo

Huhitaji studio. Shuka nyeupe, karibu na mlango, saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, simu yoyote yenye kamera safi. Piga mbele, nyuma, lebo ya shingo, lebo ya ufuaji, mishono, na kila kasoro peke yake, karibu, na shilingi kando yake ili ukubwa wa doa uonekane.

Pima nguo kwa sentimita: kwapa hadi kwapa, bega hadi chini. Usiandike tu L. L ya 1988 si L ya leo, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya nguo kurudishwa.

Andika mahali ulipo: Nairobi, Kenya. Kuna wasee hujifanya wako Texas wakidhani wataaminika. Kastoma akiona namba ya posta inaishia na KE, ameshajua. Badala yake ambia watu ukweli: mzigo unatoka Nairobi, unachukua wiki kadhaa, hii ndiyo namba ya kufuatilia. Mtu anayetafuta rekodi ya Shirati Jazz hatakasirika kuskia inatoka Nairobi. Kwake hiyo ni sifa.

Rekodi, andika hali yake chini kidogo ya vile unavyoiona. Ukidhani ni nzuri sana, andika nzuri. Kastoma akipata kitu kizuri kuliko alivyoahidiwa, anarudi.

Chapaa inaingiaje

Kila mtandao una kanuni zake kuhusu nchi gani zinaweza kufungua akaunti ya muuzaji, na hizo kanuni hubadilika. Soma ukurasa wa nchi kabla ujaze duka.

Tangu Aprili 2018 unaweza kutoa pesa za PayPal hadi M-Pesa, na Equity ilikuwa imeshaanza yake ya kutoa kwa benki tangu 2013. Njia zote zinakata kwa kubadilisha dola. Linganisha kiwango chao na kile cha soko siku hiyo ndio ujue wamekukata ngapi kweli. Ukitoa mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki, gharama nyingine ndogo zinapungua.

Usikodishe akaunti ya cousin aliye majuu, wala usinunue akaunti kwa msee wa Telegram. Siku mtandao ukiomba kitambulisho, jina si lako, pesa zinashikwa, na huna pa kulia. Akaunti iwe na jina lililo kwa ID yako, hata kama itaanza polepole.

Kutuma: anwani na karatasi

Shida ya kwanza ya mtu wa Soweto East ni anwani. Hata baada ya nyumba 822 za Zone A kufunguliwa mwaka wa 2016, wengi bado wanaishi mahali ambapo ukiulizwa unakaa wapi unasema "nyuma ya kanisa, karibu na choo ya mia". Mzigo unaotumwa lazima uwe na anwani ya kurudi, la sivyo ukikataliwa huko unapotea. Chukua sanduku la Posta, au ushirikiane moja na watu wawili mnaoaminiana. Njia nyingine ni mPost, iliyoanza 2016, ambayo inageuza namba yako ya simu kuwa anwani ya Posta.

Ukituma, unajaza fomu ya forodha: CN22 kwa vitu vya thamani ndogo, CN23 kwa vya thamani kubwa. Andika ukweli: nguo iliyotumika, idadi, uzito, bei aliyolipa. Usiandike "zawadi". Kastoma wengine wataomba uandike hivyo ili wakwepe ushuru. Kataa kwa heshima. Jina kwa fomu ni lako, si lake.

Dai namba ya kufuatilia: herufi mbili, tarakimu tisa, halafu KE. EMS huanza na E. Bila hiyo namba, kastoma akisema hajapata, wewe ndio unalipa. Risiti ya posta weka picha kwa simu siku hiyo hiyo.

Kufunga: nguo kwa plastiki kwanza, halafu bahasha ngumu, juu mvua ya Nairobi na ya London zote zinanyesha. Rekodi itoe kwa ganda lake, uiweke nyuma ya ganda, ndio isipasue kingo safarini, halafu kadibodi mbili ngumu mbele na nyuma. Mali ambayo haijauzwa ikae kwa ndoo yenye kifuniko, mbali na panya, unyevu na jiko.

Ushuru wa huko

Hapa mambo yamebadilika sana, na ushauri wa zamani wa YouTube utakuchoma.

Marekani ilikuwa inaachilia mizigo ya chini ya dola 800 bila ushuru. Hiyo ruhusa iliondolewa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na posta za nchi nyingi zikasimamisha kwa muda kutuma vifurushi huko. Kabla ya kukubali oda ya Marekani, uliza Posta au kampuni ya kutuma wiki hiyo hiyo: mnapokea, nani analipa ushuru, na analipia wapi. Pia jua ushuru hufuata nchi nguo ilikotengenezwa, si nchi inakotoka safari hii. Lebo ya ndani inahesabika.

Nchi za Umoja wa Ulaya hutoza VAT kwa kila mzigo tangu 1 Julai 2021, hata wa bei ya chini. Uingereza ina mpaka wake wa pauni 135 tangu Januari 2021. Chini ya hapo VAT hukusanywa wakati wa kuuza, na mtandao mkubwa mara nyingi hufanya hivyo yenyewe.

Mwambie kastoma mapema kwamba anaweza kudaiwa ushuru. Mtu akishtukiziwa bili mlangoni, anakataa mzigo, na tumeshaona mzigo uliokataliwa unagharimu jezi ngapi.

Vitu ambavyo hata ukipewa bure, acha

Pembe za ndovu, hata kama ni bangili ya nyanya wa mtu. Vivyo hivyo gamba la kasa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ina faini za mamilioni na vifungo virefu. Na hii wengi hawajui: mkoba wa ngozi ya chatu au mamba uliopatikana kwa mtumba pia unahitaji kibali cha CITES kuvuka mpaka. Kama hujui ni ngozi ya nini, usitume.

Vitu vya urithi. National Museums and Heritage Act ya 2006 inalinda vitu vya kale, na inataja hata milango na fremu za kuchongwa za kabla ya 1946. Kutoa nje kunahitaji kibali. Fikiria vigango vya Mijikenda: sanamu za kukumbuka wazee waliokufa, zikaibwa makaburini, zikauzwa kwa watalii na wakusanyaji, zikaishia kwa majumba ya makumbusho Marekani. Mwaka wa 2019 jumba la Denver lilirudisha 30. Mtu anaposema "hii ni ya shagz, ya zamani sana", uliza ilikuwa ya nani na ilikuwa ya kazi gani. Kama ni ya kaburi au ya maombi, si mali ya kuuzwa.

Na feki. Kuuza jezi bandia kama ya ukweli kunafungisha akaunti.

Wakora wa hii line

Emaili ya "umelipwa, tuma mzigo ndio pesa ifunguliwe." Uongo. Usibonyeze link, fungua akaunti yako mwenyewe, uangalie salio.

Amelipa zaidi "kwa makosa", anaomba urudishe tofauti. Malipo ya kwanza yatakuja kufutwa, na ile tofauti umetoa mfukoni mwako.

Amelipa, halafu anaomba utume kwa anwani nyingine. Futa oda, arudishiwe, anunue upya na anwani sahihi. Ukituma kwingine unapoteza ulinzi wa muuzaji.

Na kumbuka PayPal humpa mnunuzi hadi siku 180 kufungua malalamiko. Usile pesa yote siku inaingia. Weka akiba ya mzigo mmoja mbovu kila mara.

KRA nayo?

Kuwa na PIN, na uandike kila mauzo kwa daftari: tarehe, ulinunua ngapi, uliuza ngapi, posta ngapi. Tangu Finance Act ya 2023, kodi ya mauzo ni asilimia 3 kwa biashara inayoingiza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Chini ya milioni hiyo kodi hiyo haikuhusu. Daftari lakini linakuhusu wewe mwenyewe, juu ndilo litakuambia kama unapata au unajidanganya.

Anza hivi

Mwezi wa kwanza usiuze kitu. Tembea Toi jumamosi nne, piga picha lebo, rudi nyumbani utafute zimeuzwa ngapi. Hiyo shule haina fee.

Mwezi wa pili nunua vitu vitano tu, kila kimoja chini ya nusu kilo, na jumla isizidi pesa ambayo ikipotea bado watoto watakula. Kabla ya kulipa, fanya ile hesabu ya juu kwa simu ukiwa umesimama mbele ya muuzaji. Faida ikiwa chini ya ngiri, acha. Haitoshi kubeba siku mbaya.

Viuze, vitume, ngoja vifike. Vitano vikifika na hakuna aliyelalamika, nunua kumi. Na mama wa kibanda aliyekuwekea ile rekodi au ile koti kando kwa sababu anajua unapenda za kitambo, siku ukiuza vizuri usimkande bei tena. Yeye ndio stoo yako.